Kigoli wa Miaka Hamsini na Mitano

Mlango wa duka ukasukumwa, na aliyeingia hakuwa mkaguzi kama mlivyobashiri wengi wenu. Alikuwa mama yake Kigoli. Mama mzazi kabisa, mfuko wa nailoni mkononi, jasho linamtiririka, kilemba kimeenda upande.

"Mwanangu!" akaita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Mwanangu, nimekuja na habari njema!"

Haa! Kwa nini leo? Kwa nini saa tano asubuhi, duka limejaa wateja kumi na mmoja, na mmoja wao amemshika Kigoli shavu?

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikupe mambo haraka haraka maana nafasi yenyewe ndogo. Kigoli anauza krimu ya uso, ile ya kopo la bluu. Ukutani nyuma yake kuna bango lenye picha yake na maandishi makubwa: NINA MIAKA 55. SHIKA SHAVU UAMINI. Wateja wanashika, wanaamini, wananunua. Ndio hao waliompa jina la Kigoli, yaani msichana mdogo. Shida ni moja tu. Kigoli ana miaka arobaini na miwili.

Uongo ulianza miaka sita nyuma, kwa tajiri wa zamani wa duka hilo. "Huwezi kuuza krimu ya ujana kwa kusema una thelathini na sita," alimwambia. "Nani atashangaa? Jiongezee kumi na mitatu." Kigoli akajiongezea. Wenzake duniani wanapunguza, yeye anaongeza! Kila mwaka wakabandika namba mpya juu ya ile ya zamani, na siku fomu za wafanyakazi zilipojazwa pale pale kaunta, wateja wanachungulia, akajaza umri wa bangoni. Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Maana sasa tajiri ameuza duka kwa kampuni. Meneja mpya amefungua mafaili, na barua imeshatoka: aliyefikisha hamsini na mitano anastaafu. Kesho Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho. Kigoli amebeba kwenye mkoba cheti chake cha kuzaliwa, kile cha kweli, na leo saa saba mchana anaingia kwa Meneja kujitetea. Asipoaminika, kazi imekwisha, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha yeye, mama yake na binti yake. Na mwanamke wa hamsini na mitano nani atamwajiri?

Sasa turudi dukani, watu wanasubiri.

Aliyekuwa amemshika shavu ni Mwalimu, mteja wa kila Alhamisi, mwanamke asiyeamini kitu mpaka akisahihishe kwa wino mwekundu. Akaliachia shavu, akageuka.

"Huyu ndiye mama yako?"

Kigoli akainamia kaunta, akajifanya anapanga makopo.

"Ndiyo, mimi ndiye niliyemzaa!" mama akajibu kwa furaha. "Hamjambo wanangu?"

"Shikamoo mama," duka zima likaitikia.

"Vizuri sana," akasema Mwalimu, na akajipangusa vidole. "Nilikuwa nabishana na hawa wenzangu. Wao wanasema siku hizi mwanamke wa makamo anaonekana msichana, eti ni matunzo tu. Mimi nasema hizo ni taa na kamera. Mimi hapa nina arobaini na mitatu na kwenye duka la dawa naitwa bibi. Sasa Mungu katuletea shahidi. Mama, samahani, wewe una miaka mingapi?"

Wateja wote wakamsogelea mama.

Fanya hesabu, msomaji. Mama ana sitini na mmoja. Ukitoa hamsini na mitano, bibi huyu angekuwa amejifungua Kigoli huku mwenyewe bado anang'oka meno ya utoto.

Miaka sita Kigoli alikuwa amemkataza mama yake asikanyage dukani. "Mama, usije kazini, bosi hapendi." Mama hakuja. Hata siku aliyonyeshewa na mvua kubwa alipita mbele ya duka, akajikinga kwenye ukumbi wa fundi viatu, akatazama mlango wa mwanawe kwa mbali. Alijua sababu, au alidhani anaijua: mwanangu ananionea haya, na hizi nguo zangu.

Leo furaha ilimzidi, akaja. Na kabla hajamjibu Mwalimu, macho yake yakapanda ukutani.

Mama alijifunza kusoma ukubwani. Anasoma kwa midomo. Nina. Mi-a-ka. Akaifikia namba. Akaitazama picha. Akamtazama mwanawe, akakuta macho ambayo hajayaona tangu Kigoli akiwa mtoto amevunja kitu cha watu: macho ya kusema, mama nisaidie.

Basi mama ni mama.

"Mimi?" akasema, akaweka mfuko chini na kunyoosha mgongo. "Sabini na minane. Mwezi ujao natimiza."

"Sabini na minane!" Mwalimu akapiga hatua mbele. "Na meno hayo yote?"

"Meno yangu hayo. Na huyu ni mwanangu wa kwanza, nilimpata nikiwa na ishirini na mitatu. Sote tunapaka hiyo ya kopo la bluu, kutwa mara mbili. Mimi nikienda sokoni vijana wananipigia mluzi."

Weee! Duka likalipuka. Mikono kumi na mmoja ikaelekea rafu moja. Mwalimu, yule yule wa wino mwekundu, akabeba makopo matatu kifuani. Kigoli akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, kwa jinsi alivyopona chupuchupu.

Laiti ingeishia hapo.

Kelele zile zikamtoa Meneja ofisini. Meneja ni mwanamke ambaye umri wake haujulikani, maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza. Akasikiliza maneno mawili matatu, akaelewa, akatabasamu.

"Bibi, karibu kiti," akasema, na mwenyewe akakivuta. "Ushuhuda kama huu haupotei bure. Tuandikie."

"Meneja, mama amechoka, ametembea," Kigoli akadakia.

"Sijachoka," mama akasema.

"Mama, macho yako..."

"Macho yangu yana nini? Lete kalamu!"

Angemwambia nini zaidi, mbele ya wateja kumi na mmoja? Meneja akaandika, akasoma kwa sauti: Mimi nina miaka sabini na minane, na huyu ni mwanangu wa kwanza, mwenye miaka hamsini na mitano. Mama akatia saini yake, herufi moja moja, ulimi nje, kwa fahari ya mtu aliyenyimwa kalamu miaka arobaini. Wateja wakapiga makofi. Meneja akaikunja ile karatasi, akaingia nayo ndani.

Kigoli akamshika mama mkono.

*

Stoo ya duka ni chumba cha maboksi, hakina hata dirisha. Humo ndimo alimovutwa mama.

"Kumbe ndiyo sababu," mama akaanza kabla hajaulizwa. Alikuwa anachekacheka kama mtu aliyetua mzigo. "Miaka sita nasema mwanangu ananionea aibu. Kumbe ni umri! Mbona hukuniambia? Mimi ningekuja hata na mkongojo."

"Mama."

"Nimewaweza, eh? Umemwona yule mwalimu?"

"Mama, kaa."

Mama akakaa juu ya boksi. Kigoli akatoa cheti kwenye mkoba, akamwekea mapajani. Akamweleza yote: barua ya kustaafu, Ijumaa, Meneja, saa saba. Akamweleza kwamba cheti hicho kimetolewa juzi, maana kile cha zamani kilipotea, na Meneja angeweza kusema ni cha kughushi. Kwamba alitaka kumwomba Meneja wafuatane nyumbani jioni, pembeni, bila wateja, mama aseme kwa kinywa chake mwenyewe ana sitini na mmoja na amemzaa Kigoli akiwa na kumi na tisa.

"Shahidi wangu ulikuwa wewe," akamaliza. "Sina mwingine."

Kile kicheko kikazimika. Mama akakitazama kile cheti, midomo inatembea.

"Na mimi nimeandika sabini na minane."

"Umeandika."

"Na saini nimetia."

"Umetia, mama."

"Sasa ningesema sitini na mmoja pale mbele za watu, ingekuwaje?"

Kigoli akafikiri. Akawaona wale wanawake kumi na mmoja wakimgeukia na makopo yao.

"Ingekuwa hivyo hivyo," akasema. "Ungesema kweli, nimekwisha. Umesema uongo, nimekwisha."

Mama akapiga kifua ngumi moja, taratibu. "Mimi ndiye niliyekuua kwa mkono wangu."

"Hapana. Nilijiua mwenyewe, zamani." Akamfunga mama kilemba vizuri. "Habari njema yenyewe ilikuwa nini?"

"Ah." Uso wa mama ukapata nuru kidogo. "Mjukuu wangu kapata kazi. Wamempigia simu asubuhi, karuka kitandani kama mtoto. Kasema atatuambia ni wapi akishapewa sare, anataka kutushtua."

Binti yake. Miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili huu anazunguka na vyeti vyake kwenye bahasha mpaka bahasha imechanika pembe. Kigoli akamkumbatia mama yake humo kati ya maboksi, na kwa dakika nzima hakufikiria Ijumaa. Hata mimi mwandishi ningependa tufunge stoo hiyo tuwaache humo.

Lakini saa saba ikafika.

*

Ofisi ya Meneja ina dirisha kubwa. Litie dirisha hilo akilini, maana ndilo lenye mambo. Dukani taa ni za njano, zimefungwa juu ya kioo kwa hesabu, na kila muuzaji anajua sheria ya kwanza ya kazi: mteja asisogezwe mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Kigoli kwa miaka sita alijitazama chini ya taa hizo. Nyumbani kioo chake ni kile cha kiganjani, anachopakia wanja na poda, jicho moja moja.

"Kaa hapo," Meneja akasema, akimwonyesha kiti kinachotazama mwanga.

Kigoli akaweka cheti mezani. "Nina arobaini na miwili. Ile hamsini na mitano ilikuwa ya biashara. Tajiri wa zamani ndiye aliyetaka."

Meneja hakukigusa. Akafungua droo, akaulaza ubavuni mwa cheti ule ushuhuda wa asubuhi, saini ya mama bado mbichi.

"Hiki kimetolewa juzi. Huu umeandikwa leo, mbele ya mashahidi kumi na mmoja, na mama mzazi. Makao makuu watasoma kipi?"

"Mama alikuwa ananiokoa."

"Najua."

Kigoli akanyanyua uso. "Unajua?"

"Nilijua tangu siku niliyoingia. Mimi nimeuza krimu hizi kabla yako. Unadhani mchezo huu ameubuni tajiri wako?" Meneja alisema hayo bila ukali, na hilo likamtisha Kigoli zaidi. "Sikiliza. Hata nikikubali cheti chako, nikakurudisha kaunta, utafanya nini huko? Kazi yako ni kuonekana mdogo."

Akageuza kioo kilichokuwa mezani.

Jamani. Mwanga ule wa mchana, mweupe, hauna adabu. Kigoli akaona ngozi iliyokuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa inajichora mashavuni. Akaona madoa meusi chini ya macho, yale anayoyazika kwa poda kila alfajiri, na makunjo yamezunguka mdomo uliotabasamia wateja siku sita kwa wiki. Kutwa mara nne alipaka krimu ile mbele ya watu kuwaonyesha. Mara nne, miaka sita.

Alitafuta usoni mwa yule mwanamke ile miaka arobaini na miwili. Hakuipata. Hamsini na mitano ilikuwepo, imekaa imetulia, kama mwenye nyumba.

"Mteja wa asubuhi alikushika shavu, sivyo?" Meneja akauliza. "Ulidhani anastaajabu?"

Kigoli akalia. Hakulia kwa kazi. Alilia kwa sababu alikuwa na umri wake mwenyewe, wa haki, aliouishi siku kwa siku, na hakuna mtu tena duniani ambaye angeusadiki kwa kumtazama. Wenye hamsini wanatafuta arobaini wakiwa na pesa ya krimu. Yeye hiyo arobaini alikuwa nayo mkononi, akaiuza kopo kwa kopo.

Meneja akamsogezea kitambaa, akasubiri, kisha akasema, "Kuna kazi nyingine."

Kigoli akakishusha kitambaa usoni.

"Tunatoa krimu mpya, ya kopo jekundu. Itapelekwa miji ya mbali, hapa haitauzwa, hakuna anayekujua huko. Bango lake lina picha mbili. Ya kulia ni aliyetumia. Ya kushoto ni ambaye hajatumia." Akagonga cheti kwa kidole. "Nataka mwanamke wa miaka arobaini na miwili, wa kweli, mwenye cheti, na uso uliochoka. Huyu hapa."

Umeelewa, msomaji? Ukweli wake ulipata mnunuzi hatimaye. Ungebandikwa ukutani, mkubwa, kuwatisha wanawake wenzake.

"Mkataba wa miaka mitano," Meneja akaongeza. "Barua ya kustaafu naichana sasa hivi."

Miaka mitano. Mama angekula, chumba kisingehamwa. Kigoli akajifuta uso. Aibu ni kitu gani kwa mtu aliyekwisha kujiona?

"Na wa kulia ni nani?" akauliza.

"Amefika. Nilimtafuta mimi mwenyewe, kwenye zile bahasha za maombi. Nilipoiona picha yake nikasema, loo, sura hii naijua." Meneja akapaza sauti kuelekea chumba cha pili. "Njoo!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka msichana mwenye sare mpya ya mikunjo, nywele zimebanwa, uso unang'aa krimu ambayo bado haijakauka.

"Mama!" akasema. "Nilitaka iwe siri! Nimepata kazi hapa hapa kwako!"

Alikuwa binti yake.

Kigoli akasimama, kiti kikaanguka. "Ifute. Ifute usoni sasa hivi!"

"Mama, una nini? Ni krimu tu."

"Wamekuandika miaka mingapi?"

Binti akamtazama Meneja, akamtazama mama yake, tabasamu likaanza kumtoka. "Arobaini na miwili. Meneja anasema ni ya biashara tu, haina maana yoyote."

"Mnafanana kama shilingi kwa ya pili," Meneja akasema. "Damu haidanganyi hata kwa picha. Tutaandika kwamba ni mapacha. Mmoja alipaka, mmoja hakupaka. Nani atabisha?"

"Simtoi mwanangu!"

"Huna cha kutoa. Tazama."

Ilikuwa fomu ya ajira, ya rangi ya maziwa, kama ile aliyoijaza Kigoli pale kaunta. Mahali pa umri pameshajazwa, na chini yake saini ya binti, nzuri, ya mtu aliyesoma. Alijaza kama alivyoambiwa. Kama mama yake.

"Wote wawili, au hakuna hata mmoja," Meneja akasema. "Ukikataa wewe, naichana na fomu yake."

"Mama, tafadhali," binti akanong'ona. "Miaka miwili natafuta. Tafadhali."

Ndipo mlango wa mbele wa ofisi ukagongwa, na kabla mtu hajajibu, mama yake Kigoli akaingia. Alikuwa ameshindwa kungoja stoo. Alikuja kusema ukweli, amejipanga, kifua mbele. Akamwona mjukuu wake ndani ya sare, akasahau kila kitu.

"Mjukuu..."

"Bibi," Meneja akamkatiza upesi. Alishachukua karatasi nyeupe na kalamu, na ule ushuhuda wa asubuhi ulishakuwa vipande kwenye kapu. "Umekuja wakati mzuri. Hebu niambie niandike. Hawa wawili ni mapacha wako, sivyo?"

Mama akamtazama mjukuu, mashavu yanayong'aa. Akaitazama kalamu. Kisha, polepole, kama alivyofanya asubuhi, akayatafuta macho ya mwanawe, ayasome, aambiwe aseme nini. Alikuwa tayari kwa lolote, uongo au kweli. Mara hii asingekosea.

Kigoli akafumba macho.